Paa kwanza: ushauri kwa parokia kongwe za Likasi zinazotafuta fedha za ukarabati

Likasi mvua huanza kushika kasi mwezi wa Novemba, na haiachi kwa kweli mpaka Aprili. Kwa parokia yenye kanisa la matofali lililojengwa wakati mji huu ungali unaitwa Jadotville, miezi hiyo huweka kila kitu wazi. Doa la maji juu ya altare linapanuka, plasta inabambuka nyuma ya kwaya, na Jumapili asubuhi ndoo zinapangwa katikati ya mabenchi. Hapo ndipo kamati huundwa. Na hapo ndipo kamati nyingi hupotea njia: huandika bajeti moja ya kufufua kanisa lote, kuanzia mnara mpaka rangi ya kuta, hutaja jumla inayomtisha hata mfanyabiashara, kisha hukaa kusubiri mfadhili.

Ninawaombeni msifuate njia hiyo. Watu hutoa fedha kwa kazi ambayo wameiona ikimalizika. Mkiigawa kazi yenu vipande, mkamaliza kipande kimoja, mkaonyesha hesabu yake mpaka faranga ya mwisho, mtapata fedha za kipande cha pili. Mengine yote ninayoandika hapa yanatoka katika jambo hilo moja.

Lakini kwanza tuelewane kuhusu mahali tulipo, maana ushauri unaofaa Dar es Salaam au Nairobi si lazima ufae hapa. Mji wetu ulikuzwa na Union Minière du Haut-Katanga, kompani iliyoundwa mwaka 1906, na jina la Jadotville lilitokana na Jean Jadot, mhandisi aliyekuwa miongoni mwa wakubwa wake. Wabenediktini wa abasia ya Sint-Andries, Bruges, walifika Katanga mwaka 1910 wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne. Misheni na kompani vikafanya kazi bega kwa bega: penye kambi ya wafanyakazi palikuwa na shule, na penye shule palikuwa na kanisa. Paa likivuja, paroko aliongea na mkuu wa kambi, na mafundi wa kompani wakaja. Mwaka 1967 kompani ikawa mali ya taifa, baadaye ikaitwa Gécamines, na desturi hiyo haikufa siku moja. Kisha mgodi wake wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, uzalishaji ukaanguka, mishahara ikakatika, na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari.

Maana yake ni kwamba wazazi na babu zetu hawakuwahi kuombwa fedha za bati hata moja. Aliyetengeneza paa alikuwa Kompani, na Kompani akatoweka. Baba paroko anayewakemea waumini kwamba hawalipendi kanisa lao anawaonea. Afadhali awaambie historia hii waziwazi, kisha aongeze jambo ambalo wazee wa Panda na Kikula wanalijua vizuri kuliko yeye: matofali yale hayakuwa zawadi. Shaba iliyolipia kanisa ilichimbwa na kuyeyushwa na watu wa mji huu. Kanisa lilikwisha kulipiwa mara moja kwa jasho lao, na wajukuu wao wana haki ya kulidai na wajibu wa kulitunza. Nimeona maneno ya kuombea michango ya kila aina, na kwa mji wa Likasi sijui mengine yenye nguvu kama hayo.

Sasa kazi yenyewe. Fedha za kwanza ziende kwenye ukaguzi, nazo si nyingi, kwa sababu Likasi ina utajiri usiohesabiwa: wazee waliostaafu Gécamines. Maseremala, wachomeleaji, mafundi umeme, wapimaji waliofunzwa katika shule za kompani bado wako mitaani, wengine hawajaulizwa jambo lolote la ufundi kwa miaka mingi. Waiteni watatu au wanne, muwape chai na heshima yao, na muwaombe waunde kikundi cha ukaguzi pamoja na mhandisi mmoja anayeweza kutia sahihi kwenye ripoti.

Ukaguzi wa paa hufanywa mvua ikinyesha. Vijana wawili wa vikundi vya Kiro au Xaveri wakae ndani ya kanisa na chaki, waweke alama sakafuni kila tone linapoangukia na waandike limeanza dakika ngapi baada ya mvua. Siku ya pili, paa likiwa kavu, fundi apande akiwa amefungwa kamba. Maji yanayodondoka juu ya altare mara nyingi yameingia mita kadhaa mbali, yakateremka juu ya boriti mpaka yakapata mahali pa kuangukia. Asiyejua hilo huziba tundu lisilo na kosa. Kisha fundi aingie darini na bisibisi, achome ncha ya kila boriti pale inapoingia ukutani. Ndipo unyevu hukaa na ndipo mchwa huanzia, na Katanga ni nchi ya mchwa. Bisibisi ikizama bila nguvu, kipande hicho cha kazi kinapanda kuwa cha kwanza, hata kama kutoka chini kila kitu kinaonekana kizima.

Kuna mambo matatu ambayo mafundi wa leo huyakosea kwa nia njema. La kwanza ni simenti. Matofali ya zamani ya Katanga, kama yanayochomwa mpaka leo kwa udongo wa kichuguu, ni laini na hupumua. Ukijaza viungo vyake kwa simenti kali, unyevu hukosa pa kutokea ila kupitia tofali lenyewe, nalo hupasuka uso na kumeguka vipande. Udongo ule hutaka chokaa iliyozimwa vizuri na kuchanganywa na mchanga, na hatuna haja ya kuitafuta mbali, kwa kuwa mawe ya chokaa ya Kakontwe yako mlangoni petu. La pili ni mabati yale ya kijivu ya zamani yenye asbesto, ambayo yako juu ya majengo mengi ya wakati wa ukoloni. Yasivunjwe kwa nyundo, yasisuguliwe kwa brashi kavu, na vipande vyake visigawiwe watu wakaezekee vibanda vya kuku. Vumbi lake huua mapafu taratibu kwa miaka. Yalowesheni maji, yatolewe mazima, mafundi wavae barakoa za kweli, na yafukiwe mahali palipokubaliwa na idara ya mazingira. Gharama hiyo iingizwe katika bajeti tangu mwanzo.

La tatu ni radi. Kanisa kuu la Namirembe, Kampala, liliteketea mwaka 1910 kwa radi, na mnara wa kanisa mara nyingi ndio mrefu kuliko vyote vinavyouzunguka. Waya wa shaba wa kukinga radi, katika mji ambako shaba ina bei kila kona, hautakaa muda mrefu. Wekeni waya wa chuma cha pua au chuma kilichopakwa zinki, mzito kuliko ule wa shaba, na sehemu ya chini ifunikwe kwa bomba lililojengewa ukutani.

Ripoti ikikamilika, igawanyeni kwa utaratibu wa maji: paa, mifereji ya paa, mifereji ya chini inayopeleka maji mbali na msingi, halafu kuta, madirisha, na mwisho kabisa rangi. Najua rangi ndiyo inayoonekana, na kwamba kila mfadhili angependa picha ya kanisa linalong'aa kabla ya ziara ya askofu. Mkipaka rangi chini ya paa linalovuja, mvua ya Desemba itaibambua mbele ya macho ya wote waliochanga, na hamtawapata tena. Mifereji ya chini, kwa upande wake, karibu haina gharama. Siku mbili za salongo, yaani kazi ya pamoja ya jumuiya zote, na majembe, zinaweza kuichimba upya, na watu wakiona maji yakiondoka ukutani kwa mara ya kwanza wataanza kuuliza kazi inayofuata ni ipi.

Kalenda nayo ni mali. Kazi ya paa hufanywa kati ya Mei na Oktoba, kwa hiyo michango ikusanywe wakati wa mvua, watu wakiwa bado wanakaa karibu na ndoo. Fedha zikiingia nunueni mabati, misumari na mbao mapema, kwa kuwa haziozi zikitunzwa vizuri na zinawakinga na kushuka kwa faranga. Simenti iwe ya mwisho. Mfuko uliolala ghalani msimu mzima wa mvua huganda, na hakuna kinachoumiza moyo wa mchangiaji kama kuona mifuko aliyoitolea imekuwa mawe.

Kabla ya kutangaza chochote, baba paroko aandike barua kwa jimbo kuu la Lubumbashi. Parokia haijitawali katika mambo haya. Sheria ya Kanisa, kanuni 1216, inataka ushauri wa wataalamu wakati wa kujenga na kukarabati makanisa. Kanuni 537 inataka kila parokia iwe na baraza la uchumi. Na kanuni 1267 inasema kwamba sadaka iliyotolewa kwa kusudi maalumu itumike kwa kusudi hilo tu. Hiyo ya mwisho ichapeni kwa herufi kubwa, ibandikwe sakristia. Siku pampu ya maji ya shule itakapoharibika na mtu akashauri wakope kidogo kutoka mfuko wa paa, karatasi hiyo itasaidia kusema hapana. Nchi pia ina sheria ya mwaka 1971 ya kulinda mali za utamaduni. Kama jengo lenu limeorodheshwa, haliguswi bila ruhusa, na kama halijaorodheshwa, kuongea mapema na watu wa idara ya utamaduni ya mkoa kunafungua mlango badala ya kuufunga.

Hapa kwenye fedha zenyewe nataka nikae kidogo, maana kampeni nyingi hazifi kwa umaskini wa watu, zinakufa kwa mashaka.

Mezani pa kuhesabia wakae watu watatu wasio wa ukoo mmoja: mmoja kutoka baraza la uchumi, mama mmoja kutoka umoja wa mama wakatoliki, kijana mmoja. Dola zitenganishwe na faranga. Kila noti ya dola ikaguliwe kingo zake, kwa sababu noti iliyochanika kidogo tu inakataliwa sokoni na mara nyingine benki, na mkiipokea bila kuiandika kando, hesabu yenu itapungua bila mwizi. Kiasi kiandikwe kwenye daftari lenye kurasa zenye namba, kwa wino, watatu watie sahihi, na asipatikane mtu wa kuondoka na bahasha nyumbani kwake usiku huo. Jumatatu fedha zifike benki, katika akaunti ya kazi hii peke yake yenye sahihi tatu. Namba ya kupokea M-Pesa, Airtel Money au Orange Money isiwe ya simu ya katekista wala ya mpwa wa paroko. Ifunguliwe kwa jina la parokia, na ujumbe wa kila muamala unakiliwe katika daftari lile lile.

Kisha mbandike. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, karatasi moja mlangoni: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na risiti za mwezi huo zikiwa zimetundikwa kando yake ili anayetaka asome. Kanuni 1287 inawataka viongozi watoe hesabu kwa waumini juu ya mali waliyoitoa, kwa hiyo hamfanyi ukarimu, mnatimiza sheria. Mtu atakuja na kusema kwamba bei ya misumari imezidi ya sokoni. Mshukuruni, na mwezi unaofuata mtumeni yeye akanunue.

Kuhusu kuomba ndani ya parokia, tumieni jumuiya za msingi, zile CEVB zetu, kwa sababu pale watu wanajuana hali. Msipange kiwango kimoja kwa kila kaya. Familia inayoishi kwa mfuko wa madini unaouzwa siku kwa siku haina mshahara wa mwisho wa mwezi. Wiki moja inacho, wiki tatu haina. Ipeni jumuiya nzima lengo la vitu: jumuiya hii mabati kumi, ile misumari na mbao za safu moja, nyingine chakula cha mafundi kwa wiki. Mjane anayepika bukari na sombe kwa mafundi sita amechangia paa, na hilo liandikwe daftarini pamoja na thamani yake. Nami ninapinga kabisa desturi ya kusoma majina na viwango altareni wakati wa misa. Mwenye nacho anajivuna, asiye nacho anahama kwenda kusali mahali pengine. Someni jumla za jumuiya, inatosha. Sherehe ya mavuno, tamasha la kwaya na michezo ya vijana vina nafasi yao, ilimradi gharama za vyombo vya muziki na vinywaji zisile nusu ya mapato. Wekeni kikomo cha gharama kabla ya kukodi chochote.

Hazina ambayo karibu kila parokia kongwe imeisahau iko katika kabati la ofisi: madaftari ya ubatizo na ndoa. Kila jina lililoandikwa humo ni mtu au ukoo wenye mzizi katika kanisa hilo. Wengi hawapo Likasi tena. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya wenzetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa mjini hapa, wengine wakakaa kituo cha treni wakisubiri mabehewa. Leo watoto wao wako Mwene-Ditu, Mbuji-Mayi, Kinshasa, Brussels. Walibatizwa hapa. Kuwaandikia barua ni jambo la haki kabla halijawa jambo la michango, na barua ya kwanza isiombe kitu. Iwasalimu, itambue kilichotendeka, iwapelekee picha ya kisima cha ubatizo na nakala ya cheti chao kama wanakihitaji. Ya pili, miezi baadaye, ndiyo iseme kuhusu paa. Vikundi vya WhatsApp vya wanafunzi wa zamani wa shule za Likasi vitawasaidia kuwapata haraka kuliko ofisi yoyote. Daftari lenyewe lisipigwe picha na kusambazwa, kwani lina siri za familia.

Ulaya pia kuna watu wenye kumbukumbu ya mji huu. Kwa picha na ramani za zamani, andikieni abasia ya Sint-Andries na kituo cha kumbukumbu cha KADOC, Leuven, kinachotunza nyaraka nyingi za wamisionari. Mchoro wa awali wa kenchi za paa unaweza kuwaokolea gharama ya kupima upya kila kitu. Wairlandi nao wanalijua jina la Jadotville tangu askari wao wa Umoja wa Mataifa walipozingirwa hapa Septemba 1961. Historia ya mji ni sehemu ya ombi lenu, na anayeijua hutoa kwa urahisi zaidi.

Mashirika ya Kanisa kama Aid to the Church in Need husaidia ujenzi na ukarabati, lakini hayapokei ombi lisilo na barua ya askofu, na swali watakalouliza mapema ni waumini wenyewe wamefanya nini. Kama mmekwisha kuchimba mifereji na kuezeka upande mmoja, mna jibu lenye picha. Tazameni pia Kanisa Kuu la Kristo, Zanzibar, lililoanza kujengwa mwaka 1873 kwenye uwanja wa soko la watumwa. Lilipokarabatiwa katika miaka ya 2010, World Monuments Fund na Umoja wa Ulaya waliingia, na kazi haikuishia kwenye kuta: mafundi wa pale pale walifunzwa, na maonyesho ya historia ya utumwa yakafunguliwa pembeni. Mtu asiye Mkristo alikuwa na sababu ya kulijali jengo lile. Kanisa la Likasi linaweza kuwa mahali pa kusimulia maisha ya wafanyakazi wa shaba, hata kwa chumba kimoja cha picha, na hilo ni jambo la kuandikwa katika ombi.

Kuhusu kompani za madini, nendeni kwa tahadhari. Sheria ya madini ilivyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa miradi ya maendeleo ya jamii, na asilimia 15 ya mrabaha inaenda kwa mji au eneo husika. Fedha hizo ni za wote, Wakatoliki, Wamethodisti, Waislamu na wasiosali. Haifai parokia ipiganie paa lake mbele ya kisima cha mtaa. Mnachoweza kuomba kwa haki ni kazi zinazowafaa wote, kama mfereji mkubwa wa barabara unaomwaga maji kwenye msingi wa kanisa na wa majirani. Kompani ikitaka kutoa zawadi yake binafsi, ipokeeni kwa maandishi, bila sharti, kwa kiasi ambacho parokia inaweza kukirudisha ikibidi. Kesho watu waliohamishwa kwa ajili ya mgodi watakuja kulia mlangoni kwa paroko, na paroko lazima awe huru kusema. Kwa wanasiasa sheria ni fupi zaidi: hakuna jina ukutani, hakuna hotuba wakati wa misa, na hakuna mchango unaopokelewa kwa kamera miezi ya uchaguzi.

Paa likiisha, msivunje kamati. Asilimia ndogo ya sadaka ya kila mwezi, mtakayokubaliana, ibaki katika ile akaunti ya sahihi tatu kwa ajili ya matengenezo, na kila Oktoba vijana wapande kusafisha mifereji ya paa kabla ya mvua ya kwanza. Majani makavu yaliyoziba bomba moja yanatosha kurudisha lile doa juu ya altare.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama wewe ni mjumbe wa baraza la parokia yako, usiandike bado bajeti ya mnara. Mtafute mzee mmoja wa Gécamines anayejua paa, nunueni daftari lenye kurasa zenye namba, na mvua kubwa inayokuja iwakute ndani ya kanisa mkiwa na chaki mkononi.